Holmes Kanisani: Hadithi za Kuiga Zinapoteleza Wapi

DEO: Karibuni tena. Leo ni zile hadithi mpya za waigaji zinazomrudisha Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa mwandishi Arthur Conan Doyle, London ya miaka ya 1890, safari hii akiwa katikati ya mapadre na makadinali. Dada Joyce, zinakwama wapi?

JOYCE: Kwenye misa, kaka Deo. Mtunzi anajua ukungu, anajua magari ya farasi, anajua hadi tumbaku ya Holmes. Akiingia kanisani tu, anaandika misa aliyosali Jumapili iliyopita. Utakuta divai imetiwa sumu, waumini wanne wameanguka. Haiwezekani! Mwaka 1895 muumini alipokea hostia tu, yaani mkate wa komunyo, amepiga magoti, akiwekewa ulimini. Divai aliinywa padre peke yake.

DEO: Kumbe sumu ile ina mlengwa mmoja.

JOYCE: Mmoja, na anajulikana mapema. Hapo ndipo kisa kilipo: padre wa zamu amebadilishwa asubuhi ile ile. Nani alijua, nani hakujua?

DEO: Mimi napenda ile kanuni ya kufunga. Enzi hizo mtu wa kupokea komunyo hakula wala kunywa kitu tangu saa sita usiku, hata maji. Sasa mtumishi anamwambia Holmes kwamba bwana alikunywa chai alfajiri, akaenda misa, akapokea. Kwa Mkatoliki mshika dini, hilo halikai sawa. Ama mtumishi anadanganya, ama aliyepokea si yule bwana.

JOYCE: Na Holmes asitoe katekesi ukurasa mzima. Sentensi moja, rafiki yake Watson ashangae, twende.

DEO: Vipi Mkesha wa Pasaka? Naukuta kila mahali.

JOYCE: Mishumaa gizani, muuaji ananyata. Picha nzuri, mwaka mbaya. Hadi mageuzi ya miaka ya 1950, ibada ile ilifanyika Jumamosi Kuu asubuhi, kweupe kabisa. Ukitaka giza, ipo ibada ya Tenebre ya Juma Kuu. Kinara cha mishumaa 15. Kila zaburi ikiisha, mmoja unazimwa. Ukibaki wa mwisho, hauzimwi, unafichwa nyuma ya altare. Kisha watu wanagonga vitabu na viti.

DEO: Giza na kelele kwa pamoja! Mtu anaanguka na hakuna aliyesikia kishindo.

JOYCE: Mpaka mshumaa urudishwe. Tena kelele hizo ni fupi, kwa hiyo muuaji lazima awe ameketi jirani. Orodha ya washukiwa inajikata yenyewe.

DEO: Tuje kwenye siri ya kitubio, yaani maungamo ya dhambi kwa padre.

JOYCE: Hapo ndipo ninapokasirika. Mwuaji ameungama, padre anamtazama Holmes kwa huzuni, Holmes anasoma uso, kesi imekwisha. Padre huyo ameshakosea! Haruhusiwi kudokeza, hata kwa kukunja uso. Hawezi kutumia alichosikia hata kuokoa shingo yake mwenyewe. Kwa hiyo ushahidi utoke nje ya kitubio: nani alipanga foleni, alikaa dakika ngapi, magoti ya suruali yana vumbi la wapi. Padre abaki ukuta.

DEO: Na Papa? Conan Doyle mwenyewe aliacha mlango wazi. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti kwenye shule ya Stonyhurst, akaiacha imani, lakini katika kisa cha Peter Mweusi anataja kupita tu kwamba mwaka 1895 Holmes alichunguza kifo cha ghafla cha Kadinali Tosca kwa ombi la Papa. Hakukisimulia kamwe.

JOYCE: Ndiyo maana kila mwigaji anakivamia. Sawa, ila papa wa wakati huo, Papa Leo wa 13, asipandishwe gari la farasi mitaani Roma. Tangu 1870 mapapa walijifungia Vatikano, hadi 1929. Holmes ndiye amfuate.

DEO: Upande wa London?

JOYCE: Angalia tarehe. Kadinali Manning, askofu mkuu Mkatoliki wa Westminster, alifariki Januari 1892. Baada yake ni Vaughan. Misa ya kifahari iweke kanisa la Brompton, lilitabarukiwa 1884. Nimesoma Holmes akifukuza mwizi ndani ya Kanisa Kuu Katoliki la Westminster mwaka 1890. Jiwe la msingi liliwekwa 1895!

DEO: Na 1890 pale palikuwa na nini?

JOYCE: Kiwanja cha gereza lililobomolewa.