Kete ya 33

ZAINA: Karibuni wasikilizaji. Tuko Busia, upande wa Uganda, na honi mnazozisikia ni za maloli yanayongoja kuvuka mpaka. Mimi ni Zaina.

WANDERA: Na mimi Wandera. Leo tuingie moja kwa moja, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi.

ZAINA: Waeleze.

WANDERA: Kuna kibanda cha gemu nyuma ya stendi. Vijana walichanga shilingi 5,000 kila mtu, wakaandaa mashindano ya mpira wa kwenye simu. Nusu fainali, kijana mmoja wa sekondari akapigwa tano bila. Akaweka simu mezani, akamwambia mwenzake mbele ya watu wote, "Wewe ni mwizi." Mwenzake akajibu, "Nimeiba nini? Nimelipa." Ilibaki kidogo washikane mashati.

ZAINA: Na kweli alikuwa amelipa?

WANDERA: Alilipa. Usiku wa kuamkia mashindano alinunua sarafu za gemu kwa pesa yake halali, akachukua washambuliaji wawili na kipa. Hakuficha. Kwangu mimi huyo si mwizi. Duka liko ndani ya gemu, limewekwa na wenye gemu, bei imeandikwa. Kosa lake ni lipi?

ZAINA: Kaka, wewe ulimtazama aliyelipa. Huyu aliyefungwa alikuja dukani kwangu jana. Ana daftari la hesabu. Kurasa za nyuma amezipiga mistari kwa rula: tarehe, mechi, sarafu alizopata, sarafu zilizobaki. Ameanza Agosti. Simu ni ya mama yake, kwa hiyo anacheza baada ya chakula cha usiku, dakika arobaini hivi, kisha anaambiwa airudishe. Pembeni ameandika jina la winga anayemtaka, na bei. Ile bei ameikata mara tatu, kila mara akaandika kubwa zaidi, kwa sababu anavyokusanya ndivyo inavyopanda. Nilimrudishia daftari lake nikakosa la kumwambia.

WANDERA: Inauma, dada. Lakini maumivu ya mtu si ushahidi wa wizi. Hata bando hununuliwa. Tangu Julai 2021 tunakatwa kodi ya asilimia 12 kwenye intaneti, na kabla ya hapo tulilipa 200 kila siku ili tuingie mitandaoni. Mwenye pesa ana bando nene na simu isiyokwama. Mbona huyo hatumwiti mwizi?

ZAINA: Kwa sababu bando linakufikisha uwanjani. Halikufungii bao.

WANDERA: Simu nzuri inafunga mabao! Ukichelewa nusu sekunde umeshafungwa.

ZAINA: Sawa, hapo nakukubalia. Usawa kamili haupo. Ila naomba tutenganishe mambo, maana tunaweka kila kitu kwenye kapu moja. Kuna anayenunua jezi au ngoma ya kusherehekea bao. Huyo simgusi, ni pambo lake. Kuna anayenunua nguvu kwenye duka la gemu yenyewe. Halafu kuna yule anayenunua sarafu kwa mtu wa pembeni, kinyume cha masharti ya gemu. Huyu wa tatu anadanganya, na wewe unajua.

WANDERA: Najua, kwa sababu nimefanya. Miaka kadhaa nyuma nilinunua sarafu kwa muuzaji niliyemkuta mtandaoni. Nilituma pesa kwa simu, akanipa sarafu, nikafurahi siku nne. Siku ya tano akaunti ikafungwa, na kila nilichokipata kwa jasho la miaka miwili kikaenda nayo. Nilikasirika sana. Leo nasema walinifunga kwa haki.

ZAINA: Kwa nini kwa haki? Ulilipa.

WANDERA: Kwa sababu ni magendo. Wazee wa hapa mpakani hawahitaji kufundishwa neno hilo. Baridi iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikaruka, na kahawa yetu ikawa inavushwa usiku kwenda Kenya, kwa sababu serikali ya Amin ilikuwa inamlipa mkulima kidogo. Wachache wakatajirika. Huku nyumbani sukari na sabuni zikawa za kutafutwa kwa tochi, na bei ikamshinda mtu wa mshahara. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Kuna watu wanacheza mchana kutwa si kwa raha, wanavuna dhahabu ya gemu waiuze. China walikuwa na vyumba vizima vya kazi hiyo. Venezuela, pesa yao ilipoporomoka, watu walivuna dhahabu kwenye gemu ya mtandaoni ya RuneScape wapate kula.

ZAINA: Hao wa Venezuela siwezi kuwahukumu.

WANDERA: Hata mimi siwahukumu, mtu anatafuta unga. Nasema kinachotokea sokoni. Dhahabu ikimwagika, kila kitu ndani ya gemu kinapanda bei, na anayeumia ni yule asiyenunua. Ndiyo bei anayoikata kijana wako kwenye daftari.

ZAINA: Basi umejijibu. Bei inapanda sarafu zikitoka kwa mtu wa magendo, na inapanda zikitoka dukani. Winga hajui sarafu imetoka wapi.

WANDERA: Kuna tofauti. Duka rasmi linaweza kuzuia mafuriko. Wenye gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft walifanya hivyo mwaka 2015: mwenye pesa ananunua tokeni kwa kampuni, anaiuza ndani ya gemu kwa dhahabu ambayo mchezaji mwingine ameshaivuna, na huyo mwingine anaitumia tokeni kulipia muda wake wa kucheza. Hakuna dhahabu mpya iliyozaliwa, imehama mfuko tu. Huo mpango nauheshimu.

ZAINA: Na ile gemu ya Diablo III?

WANDERA: Nilijua utaileta.

ZAINA: Lazima niilete. Mwaka 2012 kampuni yenyewe ilifungua mnada ndani ya gemu, watu wanauziana silaha kwa dola, kihalali kabisa, kampuni inachukua chake. Machi 2014 ikaufunga kwa mkono wake. Hakukuwa na mwizi pale, kila kitu kilikuwa ndani ya sheria. Lakini gemu nzima ni kuua mazimwi upate silaha, na sasa silaha iko sokoni. Zimwi unaliua la nini? Kibali cha mwenye gemu hakikuuokoa mchezo wake.

WANDERA: Hilo halina ubishi.

ZAINA: Babu yangu alikuwa mchezaji wa bao, omweso kama wanavyouita Waganda. Mashimo 32, kete 64, kila mtu 32. Aliwahi kucheza na mwenye lori tatu, barazani, kwenye kigoda. Yule tajiri angeweza kununua ubao, na mti uliochongwa ubao, na baraza lenyewe. Kete ya 33 hakuweza kuipata, hata kwa bei gani. Kwa hiyo babu alipomla, alimla kweli, na alipoliwa aliliwa kweli. Sasa gemu inayouza kete ya 33, ile inayoongeza nguvu, mimi siiiti wizi. Naona tu kwamba mmeketi kwenye ubao mmoja na mnacheza vitu viwili: mmoja anacheza bao, mwingine yuko dukani.

WANDERA: Subiri. Kwa hiyo unakubali kijana aliyelipa si mwizi.

ZAINA: Nakubali. Nilipokuwa nakuja hapa sikuwa nimekubali. Hakuvunja kanuni kwa sababu hamkuweka kanuni. Waandaaji ndio waliokosea. Mlichukua 5,000 ya mtoto mwenye daftari, mkamkalisha mbele ya timu iliyonunuliwa usiku, bila kumwambia.

WANDERA: Nilikuwa kwenye ile meza ya waandaaji.

ZAINA: Najua, ndiyo maana nakwambia wewe. Na kuna jambo lingine, hili ni zito kuliko mashindano. Mara nyingi hawauzi hata winga mwenyewe. Wanauza pakiti iliyofungwa, unafungua, labda winga yumo, labda hayumo. Ubelgiji mwaka 2018 walisema hiyo ni kamari, na EA, kampuni ya gemu ya mpira ya FIFA, ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo mwanzoni mwa 2019. Hapa kwetu Uganda sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016 inasema mtu wa chini ya miaka 25 haruhusiwi kubeti. Ishirini na tano! Halafu mtoto wa miaka kumi na miwili anafungua pakiti kwa pesa ya simu ya mama yake, chumbani, na hakuna anayemuuliza umri.

WANDERA: Mimi mwenyewe nimefungua mbele ya mwanangu. Aliniomba abonyeze yeye, eti ana mkono wa bahati. Nikamwachia abonyeze.

ZAINA: Akabonyeza, na baada ya hapo?

WANDERA: Hatukupata kitu. Akasema, "Baba, moja tu tena." Nimeyasikia maneno hayo kwa watu wazima kwenye mabanda ya kubeti, kwa sauti ileile. Sijafungua nyingine tangu siku hiyo.

ZAINA: Sasa mashindano yanayokuja mnafanyaje?

WANDERA: Tumezungumza na mwenye kibanda. Simu tunaziacha. Tunacheza kwenye mashine, pedi mbili, mpira wa klabu za kawaida ambazo kila mtu anazikuta zimo tayari, hakuna anayekuja na kikosi cha nyumbani. Fainali wote wawili wanachukua klabu ileile. Kiingilio tumeshusha hadi 2,000.

ZAINA: Na yule aliyelipa, amekubali?

WANDERA: Yeye ndiye wa kwanza kujiandikisha. Ameniambia anataka kumfunga yule mwenzake tena, kwa timu sawa, watu wote wakiangalia.

ZAINA: Na wangu nimeshamwambia. Ameuliza kitu kimoja tu, kama mashine ina yule winga.

WANDERA: Anaye, kwenye klabu yake halisi. Mwambie aje Jumamosi saa nane.