Ngozi Inayofanya Kazi: Kiti cha Cab cha Mario Bellini

Nimeshalisema hili mara nyingi, na wanaonifahamu wameanza kutabasamu. Tabasamuni tu. Bado watu wanaitazama Cab, kiti cha mbunifu Mwitaliano Mario Bellini, na kusema, "kiti kizuri, kimevishwa ngozi." Hakijavishwa!

Sogeeni. Huu mguu wa mbele. Utazameni kwa upande wa ndani: zipu. Kila mguu una yake. Nikiivuta hivi, ngozi inaachia, na chuma ndicho hicho, chembamba, kimepigwa rangi, hakina cha kujivunia. Nikimaliza zote nne, ngozi nzima inatoka. Sasa weka kidole gumba kwenye mgongo wa kiti, ubonyeze. Umebonyea kidogo, ukarudi. Nyuma yake hakuna ubao wala sponji. Ni ngozi nene ya kutengenezea matandiko ya farasi, imewambwa kati ya vyuma viwili, na ndiyo utakayoegemea.

Najua kuna mtu huko nyuma ananong'ona: si foronya tu hiyo? Bwana wee, foronya ukiivua, mto unabaki mto. Hapa ukivua ngozi, jaribu kuegemea uone.

Na angalieni kilitoka wapi. Cassina, kiwanda cha samani cha Meda, kaskazini mwa Milano, Italia, tangu miaka ya 1960 kilikuwa kikitengeneza viti vya wabunifu Le Corbusier, Jeanneret na Perriand, vile vya 1928: mabomba ya chuma yanang'aa nje, mito ya ngozi imewekwa ndani. Chuma ndicho bwana mkubwa, kinajionyesha. Mwaka 1977, kiwanda hichohicho kinatoa kiti cha Bellini ambacho chuma chake hukioni kabisa! Ngozi imeshuka mpaka sakafuni. Kwangu mimi huo ni ubishi kati ya viti na viti, ndani ya kiwanda kimoja, na wanaoandika kwamba Cab ni "ya kifahari" wanaupita bila kuusikia.

Ufahari! Ndiyo, bei yake inatisha, sibishi. Lakini ngozi ghali unaweza kuipigilia misumari juu ya upuuzi wowote, na wapo wanaofanya hivyo kila siku. Cab inapozeeka rangi inakolea, ngozi inalegea pale unapokalia. Wengine huita hiyo kasoro. Mimi nasema ngozi inayobeba mtu lazima ionyeshe kwamba imebeba mtu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Nilitaka kuwaeleza Bellini wa Olivetti, kampuni ya mashine za ofisini, hasa mashine ya hesabu ya Divisumma 18, ya 1973, ambayo vitufe vyake vimefunikwa na utando mmoja wa mpira, ili muone kwamba mtu huyu alikuwa akifikiria ngozi kabla hajafika kwenye kiti. Basi, maswali. Anayetaka kukikalia aje, ila zipu nifunge kwanza.