Mkutano wa AA: Ugumu Uko Mlangoni

MWANAKOMBO: Assalamu aleikum, msikilizaji, na karibu katika kipindi chetu kutoka hapa Malindi. Baada ya mazungumzo yetu ya wiki iliyopita kuhusu tembo la mnazi, mama mmoja alituandikia akiuliza ni wapi mwanawe atapata kikundi cha watu walioacha pombe, na ataingiaje humo bila mtaa mzima kujua. Kaka Kahindi, swali hili nimekuwekea wewe makusudi.

KAHINDI: Waaleikum salaam, dada Mwanakombo. Nalipokea, kwa kuwa mwaka juzi nilimsindikiza mjomba wangu katika mkutano wa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambacho wengi hukiita AA tu, naye ameniruhusu kusimulia mradi nisimtaje jina. Sharti hilo si lake peke yake. Chama hicho, kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, kina desturi kwamba mwanachama hajitangazi kwa jina redioni wala magazetini, na yanayosemwa mkutanoni hayapelekwi barazani.

MWANAKOMBO: Barazani hasa! Hapa kwetu habari hufika Shela kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Mlianzia wapi?

KAHINDI: Tulipiga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, kisha tukatazama orodha ya mikutano ambayo AA wenyewe huiweka kwenye intaneti. Mjomba alichagua Mombasa, na kilomita zile zipatazo 120 zilimpendeza kuliko kumchosha, kwa sababu huko hakuna anayemjua. Hata hivyo, safari ya kwanza ilipotea bure: tulitegemea saa tuliyotajiwa na rafiki, tukakuta ukumbi umefungwa. Tangu siku hiyo sipandi matatu kabla sijapiga simu.

MWANAKOMBO: Na je, aliacha kunywa kabla ya kwenda?

KAHINDI: Alitaka kuacha usiku mmoja, na daktari ndiye aliyemzuia. Mtu aliyezoea kuzimua kila asubuhi ili mikono isitetemeke, akikatiza ghafla, anaweza kupatwa na degedege katika siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, hali ambayo huweza kuua. Kwa hiyo mama yule amtangulize mwanawe hospitali, hata kama kijana mwenyewe anaapa kwamba ana nguvu. Mkutano hautoi dawa.

MWANAKOMBO: Nina jambo ambalo wasikilizaji wengi Waislamu wataliuliza. Mikutano mingi ya AA hufanyika katika kumbi za makanisa, na mtu ambaye tayari anaona haya kwa kunywa ataona haya mara mbili akionekana akiingia huko.

KAHINDI: Mjomba alisimama nje ya lango kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, akajifanya anazungumza na simu. Kikundi hukodi chumba tu, wala si sehemu ya kanisa. Ni kweli kwamba katika zile hatua 12 ambazo wanachama huzifuata ili kuacha pombe Mungu anatajwa, lakini anatajwa kwa maneno haya: Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu. Mjomba alizisoma akasema kwamba kukiri kosa, kuwalipa uliowadhulumu na kutorudia ni mambo aliyoyajua tangu chuo cha Kurani, ila hakuwahi kuyafanya.

MWANAKOMBO: Maneno mazito hayo. Ndani mlikuta nini?

KAHINDI: Viti vya plastiki, chai, na watu wa kawaida kabisa. Ulikuwa mkutano wa wazi, ndiyo maana niliruhusiwa kuingia, kwani ule wa faragha ni wa wenye shida ya pombe pekee. Mtu huzungumza kwa zamu, hakuna anayemkatiza wala kumhubiria, na asiyetaka kusema hujitaja jina la kwanza akapisha mwingine. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi, na mgeni halazimiki kutoa. Sharti la kujiunga ni moja tu, yaani kutaka kuacha pombe. Mjomba hakusema neno siku hiyo, lakini mzee mmoja alimpa nambari yake ya simu na kumwambia ampigie kabla ya kunywa, si baada ya kunywa.

MWANAKOMBO: Asiye na nauli ya Mombasa afanyeje?

KAHINDI: Ipo mikutano inayofanyika kwa simu na kwa intaneti. Tena desturi zao zinasema kwamba watu wawili au watatu wakikutana kwa nia ya kuacha pombe, hicho tayari ni kikundi. Mjomba alianza na mvuvi mmoja, kila Jumapili, mbali na mangwe, yaani vilabu vya tembo.

MWANAKOMBO: Na kijana akikataa katakata?

KAHINDI: Basi mama aende yeye. Upo ushirika wa jamaa za walevi uitwao Al-Anon, ulioanzishwa mwaka 1951, ambao haungoji mlevi akubali.

MWANAKOMBO: Na kile kikundi cha mjomba, bado kiko?

KAHINDI: Sasa wako wanne. Wanapokutania sitasema hapa, lakini mama akituandikia tena, nitamuuliza mjomba kwanza.