Tanga na Injini: Nani Ampishe Nani Ziwani?

MPWA: Karibuni tena barazani. Mjomba, Jumapili nilishika usukani wa mashua ya tanga, nje kidogo ya Munyonyo, hapo Kampala kwenye Ziwa Victoria. Boti ya injini ikaja mbio kutoka kushoto kwangu. Nikasema, ngoja niwe mstaarabu, nimpishe. Nikakata kushoto.

MJOMBA: Naye akakata kulia.

MPWA: Kwani ulikuwepo?

MJOMBA: Wapi! Alitaka kupita nyuma yako, kama inavyompasa. Wewe ukamfuata hukohuko.

MPWA: Tulikosa kugongana kwa urefu wa kasia tu. Nilitukanwa kwa Kiganda, kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine nisiyoijua.

MJOMBA: Matusi si vizuri, lakini kosa lilikuwa lako, mpwa wangu. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, zile za 1972, zinataka injini impishe tanga. Ila anayepishwa naye ana wajibu: ashike njia yake na mwendo wake uleule. Mwenzako atakukwepaje kama hajui utakuwa wapi? Ukiona hageuki kabisa, hapo ndipo ujiokoe.

MPWA: Basi nikiwa na tanga mimi ndiye malkia wa Nalubaale, Ziwa Victoria lote.

MJOMBA: Malkia gani? Mvuvi aliye kazini na nyavu zake majini, unampisha. Ukimpita mtu ukitokea nyuma yake, wewe ndiye wa kumkwepa, hata kama yeye ana injini. Na ukiwasha kainjini kako kukusukuma, umeshakuwa boti ya injini.

MPWA: Hata tanga likiwa juu?

MJOMBA: Hata likiwa juu. Tena mchana unatakiwa kutundika mbele alama nyeusi ya umbo la koni, ncha chini, ili watu wajue. Wangapi umewaona nayo?

MPWA: Hata mmoja. Na kile kivuko cha Nakiwogo kwenda Kalangala?

MJOMBA: Penye njia nyembamba, usimzuie chombo ambacho hakina pengine pa kupita salama. Kwenye maji wazi, mimi humwondokea nikimwona bado mbali, kabla hajafikia hata kufikiria kunikwepa. Mkishakaribiana, tulia kwenye njia yako.

MPWA: Na wenye injini wasijione wamepona leo.

MJOMBA: Hao! Wanapita upande wa joshi, unakotoka upepo, wanamnyima mwenzao upepo, tanga linabaki linapepea kama kanga kambani. Pita demani, upande unakoelekea upepo. Na mawimbi je? Mitumbwi ya mukene, yaani dagaa, usiku, kingo zi karibu na maji, taa ziko wazi. Boti inapita mbio, maji yanajaa ndani. Wengine hupunguza mwendo wakiwa wameshafika. Wimbi lao wenyewe linawakuta na kwenda kumpiga mvuvi. Punguza ukiwa mbali.

MPWA: Sasa yule wa Jumapili? Huwa namwona Ggaba asubuhi.

MJOMBA: Kamwombe radhi. Nenda na roleksi mbili, zile chapati za kukunjia mayai, na moja iwe ya mayai matatu.