Majina Manane Kwenye Jiwe

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za siku nyingi. Ni mimi, niko Southampton. Upepo ukiwasumbua masikioni mnivumilie, leo sikutaka kurekodi chumbani. Naingia zamu ya jioni muda si mrefu, na hapa kuna kitu nimekipita miaka mitatu nikiwahi basi, sijawahi hata kusimama nikisome. Ngoja nigeuze kamera.

Mnaliona hilo jiwe? Hii ni kona ya London Road na Cumberland Place. Nasogea. Hii mistari mnayoiona ni noti za muziki, zimechongwa humo humo kwenye jiwe. Na haya ni majina. Hartley. Hume. Taylor. Woodward. Bricoux. Clarke. Krins. Brailey. Wanane. Hawa ndio wapiga muziki wa Titanic. Walitokea bandari ya mji huu tarehe 10 Aprili 1912, na usiku wa kuamkia tarehe 15 wakafa wote, hakubaki hata mmoja. Jiwe la kwanza liliwekwa 1913, likavunjwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, hili tunaloliona ni la 1990.

Najua kisa mnakijua. Meli inazama, wao wanapiga muziki mpaka maji yanawafika. Bibi yangu kule Muheza hakuwahi kuiona meli kubwa kuliko zile za pale Tanga, lakini kisa hicho alikuwa anakisimulia. Mimi ni mtoto wa mpiga saksafoni wa hoteli. Nilipoanza kusoma habari za hawa watu, wimbo wa mwisho sikukaa nao sana. Nilitaka kujua kazi yao. Nani aliwaajiri? Walilipwa ngapi? Lile koti walilovaa lilikuwa la nani? Majibu yake yamenikosesha usingizi, ndiyo maana nimewaita.

Anzeni kwa kufikiria meli za wakati ule. Mtu wa Ulaya akitaka kwenda Marekani hakuna ndege, ni meli, siku tano, sita, wiki. Kampuni zinagombania abiria matajiri. Cunard wanajisifia mwendo wa Lusitania na Mauretania, White Star wanajibu kwa anasa, Olympic na Titanic. Na kwenye anasa muziki ni sharti. Sasa, spika ukutani hakuna. Abiria akitaka kunywa chai ya jioni na walzi inapigwa, basi lazima awepo binadamu pale, fidla begani, amesimama kwenye sakafu inayoyumba.

Titanic walikuwa makundi mawili. Watano chini ya Wallace Hartley, mtu wa Colne huko kaskazini mwa Uingereza, umri miaka 33. Halafu kulikuwa na watatu wengine waliokuwa wakipiga karibu na mgahawa wa daraja la kwanza. Fidla, selo, besi, piano. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. White Star walikuwa na kitabu cha nyimbo chenye nyimbo 352, kila wimbo na namba yake. Abiria anataja namba tu, nyie mnapiga. Opera zimo, walzi zimo, nyimbo za dansi zimo, hata ragtaimu za Wamarekani zilizokuwa zimeingia mjini siku hizo.

Nyimbo 352 kichwani, ndugu zangu! Hapo nikamkumbuka baba. Baba alikuwa na daftari la jalada gumu, ameandika nyimbo za kopi kwa namba, kwa sababu wageni wa hotelini walikuwa hawaombi nyimbo zetu. Wanaomba za kwao. Maneno mengine baba alikuwa hayaelewi kabisa, lakini sauti anaiweka pale pale inapotakiwa. Nikiwa mdogo nilikuwa namshikia lile daftari, nataja namba yoyote, yeye anapiga mluzi mstari wa kwanza. Hakuwahi kukosea. Kwa hiyo mtu akiniambia hawa walikuwa wanabembeleza tu watu wakati wa chakula, namwambia hiyo kazi haijui.

Na msidhani bendi ilikuwa ya meli nzima. Ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Kule chini daraja la tatu, waliko wahamiaji, walijipigia wenyewe. Alikuwepo kijana wa Ayalandi, Eugene Daly, wa Athlone, ana zumari lao lile la mfuko wa hewa. Meli ilipokuwa inaondoka Queenstown, bandari ya mwisho, alisimama nyuma ya meli akapiga wimbo wa huzuni wa kuiaga nchi yake. Mimi nimeondoka kwetu kwa ndege, nimebanwa kiti cha katikati, lakini hapo nilimwelewa Daly kabisa. Yeye aliokoka. Zumari lilizama, na baadaye alidai alipwe dola 50 kwa ajili ya hilo zumari. Mtu ameponea chupuchupu, na bado anakumbuka chombo chake. Wapiga muziki mnanielewa.

Sasa tuje kwenye pesa.

Zamani kampuni za meli ziliajiri wanamuziki zenyewe. Mshahara pauni 6 na shilingi 10 kwa mwezi, na juu yake shilingi 10 za sare. Wakaja mawakala wa Liverpool, ndugu wawili, C.W. na F.N. Black. Wakaingia mikataba na kampuni kubwa za meli: wanamuziki wote mtawapata kwetu. Mshahara ukashuka mpaka pauni 4. Hela ya sare ikafutwa. Chama cha wanamuziki kililalamika lakini mpiga fidla akitaka kazi baharini angeenda wapi? Mlango ulikuwa mmoja.

Na ndani ya Titanic hawakuandikwa kama wafanyakazi wa kawaida. Walipanda kwa tiketi ya daraja la pili, tiketi moja kwa wote wanane, namba 250654. Ishikeni hiyo tiketi, tutairudia.

Meli iligonga barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14. Hartley akawakusanya watu wake. Walianza kupigia ndani, baadaye wakatoka nje kwenye baridi kali, karibu na mashua za kuokolea zinaposhushwa. Walionusurika wanasema mwanzoni zilikuwa nyimbo za kuchangamsha, ragtaimu na kadhalika, ili watu wasipatwe na hofu wakakanyagana. Saa 8:20 meli ikaenda chini. Watu kama 1,500 walikufa.

Kuhusu wimbo wa mwisho wanabishana hadi kesho. Wengine walisema ni ule wimbo wa dini ambao sisi tunauimba misibani, Karibu na Wewe, Mungu Wangu. Harold Bride, fundi wa simu ya upepo, yeye alitaja wimbo mwingine, Autumn. Kanali Gracie, aliyekuwa humo melini mpaka mwisho, alikataa kabisa habari ya wimbo wa dini, akasema angeusikia angeushika, maana ungekuwa ni sawa na kuwatangazia watu kwamba wanakufa. Na hata huo wenyewe una tuni zaidi ya moja, Waingereza na Wamarekani hawaimbi tuni ile ile. Hartley alikuwa Mmethodisti, na kaburini kwake Colne wamechonga tuni ya Kimethodisti. Mimi nimekulia kanisani, nimeuimba huo wimbo kwenye mazishi ya baba yangu mwenyewe, na ningependa sana uwe ndio. Lakini siwezi kuwaambia ndio.

Jambo lingine dogo. Wawili kati ya wanane, Brailey wa piano na Bricoux, Mfaransa wa selo mwenye miaka 20, kabla ya hapo walikuwa wakipiga kwenye meli nyingine iitwayo Carpathia. Mnajua Carpathia ni ipi? Ndiyo iliyofika alfajiri ikaokota watu kwenye mashua. Meli waliyoihama.

Haya, tiketi. Miili mitatu tu ya wanamuziki ilipatikana baharini: Hartley, Clarke na Hume. Jock Hume alikuwa na miaka 21, mpiga fidla wa Dumfries, Uskochi, na mchumba wake alikuwa mjamzito. Tarehe 30 Aprili, siku 15 tu baada ya kifo, mawakala wakamwandikia baba yake Hume barua. Haikuwa ya pole. Ilikuwa bili! Tafadhali lipa deni la sare ya mwanao. Jumla shilingi 14 na peni 7. Mzee Hume hakukaa nayo kimya, aliipeleka barua kwa chama cha wanamuziki, nao wakaichapisha kwenye gazeti lao kama ilivyo, watu wasome wenyewe.

Familia zikaomba fidia. White Star wakasema hawa hawakuwa wafanyakazi wetu, walikuwa abiria wa daraja la pili, tiketi si ile pale? Nendeni kwa mawakala. Mawakala wakawasukumia watu wa bima, bima nao wakakataa. Walikwenda mpaka mahakamani na wakashindwa. Kilichokuja kuwasaidia ni mfuko wa michango ya wananchi.

Niliisoma ile bili ya sare usiku, kwenye simu, nikaizima. Kwa sababu baba alikuwa na koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu, na koti lilikuwa la hoteli. Mama alikuwa akilifua peke yake, halichanganywi na nguo nyingine. Baba alipougua na kuacha kazi, pesa ya mwezi wa mwisho ilikuja imekatwa, na kwenye karatasi wameandika: koti. Halikuwa limepotea. Lilikuwa limechakaa makwapani kwa miaka tisa ya kunyanyua saksafoni. Sitaji hoteli na sitafuti ugomvi. Nasema tu kwamba mzee Hume wa Dumfries namjua, ingawa aliishi zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 2013 fidla inayoaminiwa kuwa ya Hartley, aliyopewa na mchumba wake Maria, iliuzwa mnadani hapa Uingereza kwa pauni 900,000. Nimepiga hesabu kwa mshahara wa pauni 4. Ni mishahara ya miezi 225,000.

Dakika zinaniishia, basi langu lile linakuja. Ninachowaomba ni hiki. Kuna picha ya bendi ya baba, watu watano wamesimama kando ya bwawa la kuogelea, wote na yale makoti meupe. Mimi namjua baba, namjua mpiga besi tuliyekuwa tukimwita Baba Zai, na yule wa ngoma kwa sura tu. Wawili siwajui kabisa. Mama, najua unaangalia. Ile picha iko kwenye kabati, chini ya vitenge. Naomba uigeuze nyuma uone kama baba aliandika majina, na kama hakuandika, mwite Baba Zai aje nyumbani akutajie, mjukuu aandike kwa kalamu ya wino.