Kwa Nini Nilisoma Udereva Upya Ujerumani, na Kwa Nini Mpwa Wangu Simtumii Hela ya Leseni

Ndugu zangu, habari za nyumbani. Leo nimekaa humu ndani ya gari kwa sababu swali limekuwa lilelile kila nikiweka video: "Kaka, si ulikuwa unaendesha Morogoro miaka yote? Ilikuwaje ukalipia udereva tena?" Mmoja kaandika kwamba najitapa nina hela za kuchezea. Mwingine anasema nalalamikia Ulaya wakati nimeikimbilia mwenyewe. Sijitapi, na silalamiki. Nisikilizeni tu.

Leseni yetu hapa unaitumia miezi 6 tangu uhamie, basi. Sisi wa Tanzania hatubadilishiwi dirishani kama watu wa nchi nyingine. Unafanya mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Vipindi vya lazima hatuwekewi, lakini mtihani unafanyia kwenye gari la shule, na mwalimu hakupeleki mpaka akuamini. Wangu aliniamini baada ya vipindi 22, dakika 45 kila kimoja, euro 62. Ongeza tafsiri ya leseni, kupima macho, kozi ya huduma ya kwanza na ada za mitihani. Ilipita milioni 5 za kwetu.

Na ile ofisi ya leseni! Leseni yangu ina majina matatu, pasi ina mawili. Faili likarudishwa. Nikaandika barua ya maelezo, nikangoja wiki saba, na siku zote hizo naamka saa tisa usiku kuwahi treni ya kwanza ya kazini. Mwezi huo nilishindwa kutuma rambirambi ya msiba wa baba mdogo, na niliyosemwa kwenye kundi la ukoo bado yananiuma. Haya, tuyaache.

Mimi nilifundishwa gari na binamu yangu, uwanja wa mpira Kihonda, Jumapili mbili. Klachi, gia, breki, twende. Leseni ikaja, na ilivyokuja wengi mnajua zinavyokuja. Nikiwa na miaka 19 tunatoka Iringa, nikashuka mlima Kitonga na pikapu, watu wanne ndani, mguu kwenye breki tangu juu. Katikati ya zile kona nikasikia harufu ya kitu kinaungua, na pedali inazama. Mbele yangu lori, nyuma lori. Tulifika chini, tukamshukuru Mungu, tukaendelea na safari. Miaka tisa nimeendesha bila kujua pale nilikosea nini.

Kipindi cha sita hapa, mwalimu wangu, mzee wa watu, akanipeleka kwenye mteremko ambao ukiuweka na Kitonga ni tuta. Akaniambia mlima unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Nikarudisha gia ya pili, nikaachia breki. Injini ikaunguruma, gari likajizuia lenyewe, linashuka taratibu. Nikanyamaza. Akadhani sijaelewa, akarudia. Nilikuwa nawaona wale wanne nyuma yangu, mmoja wao ni dada yangu.

Kitu cha dakika tano. Hakuna aliyeniambia.

Kijana wa hapa hapewi leseni mpaka akae darasani vipindi 14 vya dakika 90, halafu vipo vipindi 12 maalumu vya barabarani: 5 vya nje ya mji, 4 vya Autobahn, zile barabara kuu za mwendo kasi, na 3 vya usiku. Binti wa jirani yangu ana miaka 17 na anaendesha, ila mama yake anakaa pembeni. Msindikizaji lazima awe na miaka 30 au zaidi, na leseni aliyokaa nayo miaka 5. Miaka 2 ya mwanzo ni ya majaribio, na pombe ni sifuri kabisa. Sisemi wenzetu ni malaika. Hata hapa vijana wanakufa barabarani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29 duniani kote. Hao ni wadogo zetu, na wengi wetu tumeshazika angalau mmoja.

Haya ni yangu mimi. Labda wewe ulifundishwa vizuri na mzee wako, na simwambii mtu auze shamba alipe shule. Kila mtu na hali yake.

Ila mpwa wangu kanitumia ujumbe juzi: "Mjomba, kuna mtu anatoa leseni siku tatu, huingii darasani, nitumie hela." Nimemjibu hiyo hela sitoi. Ada ya shule ya udereva nitalipa yote, naituma shuleni moja kwa moja, hata ikiwa miezi mitatu. Amenuna, simu hapokei. Dada, najua video zangu unaziangalia. Mwambie ada ipo, na mwambie ulivyokuwa umeshika kiti siku ile Kitonga.