Punda Kichochoroni

Assalaam aleikum. Nimeitwa nizungumzie kolubeki, yaani msimbo unaoukabidhi ili uitwe baadaye, za Cassandra, ile hifadhidata, na walionisikia huko nyuma wanajua nitaishia kwa punda. Haya, leo naanza naye kabisa.

Asubuhi nimetoka Mkunguni, nikashika Usita wa Mui, njia kuu yetu ya Lamu. Mbele yangu punda wawili wa mchanga, magunia yanagusa ukuta huku na huku. Mwenyewe kasimama dukani anangoja chenji. Nyuma yake mimi, mama na kikapu chake cha mofa, watoto wa chuo. "Pisha!" Apishe nani, apishie wapi? Shilingi ishirini imefunga mji.

Ule ndio uzi wako, njia moja ya kazi ndani ya programu, unapoita get(), yaani kusimama kungoja jibu, ndani ya kolubeki.

Mfumo wa riaktivu, ule usiosimama kungoja jibu, hauna nyuzi nyingi. Reactor Netty, maktaba ya Java ya mambo ya mtandao, usipoigusa, hufungua nyuzi kulingana na viini vya prosesa, zisipungue 4. Basi, vichochoro vyako ndivyo hivyo. Spring Data, maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, inakupa intafesi, ReactivePreparedStatementCallback, yenye mbinu moja tu: doInPreparedStatement. Huiiti wewe, unaikabidhi, nayo huitwa wakati wake, ikiletewa kikao na amri iliyokwisha kuandaliwa. Unajaza thamani, unarudisha Publisher, ahadi ya majibu yatakayokuja. Unarudisha, jamani! Hungoji chenji.

Kuna kijana, hayupo hapa, msigeuke, tuliandika naye orodha ya abiria wa boti za Mokowe. Alianza na block(), inayosimamisha uzi hadi jibu lije, Reactor ikamkatalia palepale kwa kosa lililo wazi. Mwingine angeshukuru. Yeye akaigeuza Mono, Publisher ya jibu moja, kuwa future, ahadi ya kawaida ya Java, akaita get(). Kimya! Siku ya majaribio tuko wawili, mambo yanateleza. Zikaja siku za Maulidi, gati limejaa watu, nyuzi 4 zote zimesimama zinangoja hifadhidata, maombi yamepanga foleni nyuma, na prosesa inasinzia. Kwenye logi hakuna kosa hata moja, ndiyo maana tulihangaika tangu alasiri hadi isha. Karani alikwisha kurudia daftari lake zamani. Dawa yenyewe? Tukafuta get(), tukairudisha ile Mono kama ilivyo.

Naona mkono. Utaniambia Java 21 imeleta nyuzi pepe, nyepesi, zinazoweza kungoja kwa maelfu, tangu 2023, riaktivu ya nini tena? Kama unaanza leo na kazi yako ni uliza-jibu, zitumie, sigombani nawe. Lakini mfumo uliokwisha kuandikwa kwa riaktivu hauwi wa nyuzi pepe kwa kuwa wewe umesoma makala jana.

Mengine mbiombio. Amri iliyoandaliwa Cassandra huichambua mara moja, ikatoa kitambulisho. Baada ya hapo draiva hutuma kitambulisho na thamani tu. Kwa hiyo kuiandaa upya kila abiria ni kumpima mtu kanzu kila Ijumaa. Na sisi tuna ng' yetu: chombo kinaitwa Ng'arisha, ukiunga amri kwa mkono ile alama ya juu, ambayo Cassandra huiona ni mwisho wa maandishi, inakukatia maandishi katikati. Thamani ikipita mahali pake kwenye amri iliyoandaliwa, haina neno.

Nilitaka pia kusema juu ya wanaoita subscribe(), yaani kuianzisha Publisher wenyewe, humo humo ndani ya kolubeki, kisha wanashangaa makosa yanapotelea wapi. Hilo refu, na muadhini huyo ameshaanza. Tukitoka msikitini nipo barazani. Mwenye get() kwenye laputopu yake aje nayo.